Mkanda wa kifuani, saa janja na bendi ya kichwani: dalili zinazosumbua na vyanzo vyake

Vifaa vya kujipima mapigo ya moyo na mawimbi ya ubongo vimezagaa jijini Dar es Salaam. Kariakoo kuna saa janja za kila bei, wanaokimbia Coco Beach alfajiri wana mikanda ya kifuani, na bendi za kichwani kama Muse huja kwenye begi la ndugu aliyetoka ng'ambo. Vingi vinafanya kazi vizuri tu. Shida ni kwamba vikikosea havikuambii vimekosea. Vinatoa namba, tena yenye rangi ya kupendeza, na mwenye kifaa anakosa usingizi.

Ukipata namba ya kutisha, fuata mpangilio huu: kagua ngozi kwanza, kisha umeme, kisha simu, na mwili uwe wa mwisho. Yale matatu ya mwanzo unayamaliza nyumbani kwa dakika chache, na ndiyo yenye makosa mara nyingi zaidi. Wa kuruka mpangilio huu ni mwenye maumivu ya kifua, aliyezimia au anayehisi kuzimia, anayekosa pumzi akiwa amekaa, au aliyepooza upande mmoja ghafla. Huyo asihangaike na mkanda wala programu, aende hospitali.

Kipimo cha kulinganishia unacho tayari. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na mwenye mazoezi mengi anaweza kuwa chini ya hapo bila tatizo. Kifaa kikitofautiana sana na vidole vyako, amini vidole.

Saa inasema 150 nawe umekaa tu

Saa janja haipimi umeme wa moyo inapofuatilia mapigo mchana kutwa. Inamulika ngozi kwa taa ya kijani na kuangalia mwanga unaorudi. Damu ikijaa kwenye mishipa midogo, mwanga mwingi humezwa. Ikipungua, mwanga hurudi zaidi. Chochote kinachovuruga njia ya mwanga kinavuruga hesabu, na kinachoongoza ni ukanda uliopwaya. Ipandishe saa juu ya mfupa wa kifundo kwa upana wa kidole kimoja au viwili, ikaze isiteleze, na ufute jasho na mafuta chini yake. Ngozi nyeusi humeza mwanga wa kijani zaidi kuliko nyeupe, kwa hiyo kwetu saa iliyopwaya kidogo inaumbuka upesi. Tatuu ya wino mzito chini ya taa nayo inazuia.

Kwa wanaotumia klipu ya kidoleni, rangi ya kucha na piko nyeusi kwenye ncha ya kidole ni vizuizi. Bibi harusi aliyetoka kupambwa atumie kidole kisicho na piko, au klipu ya sikioni. Vidole vya baridi pia havisomeki: ukitoka kwenye ofisi ya Posta ambako AC imewekwa nyuzi 18, mishipa ya vidole imejibana na damu inayopita ni kidogo. Sugua viganja mpaka vipate joto, ndipo upime.

Kosa la wakimbiaji ni la aina yake. Unakimbia taratibu, unaongea na mwenzako bila kuhema, saa inasema 168. Angalia hatua zako: huenda unapiga hatua 168 kwa dakika. Mkono unapotikisika kwa mdundo mmoja, saa inashika mdundo wa miguu na kuudhania moyo. Simama ghafla uangalie skrini. Mapigo halisi hushuka polepole ndani ya dakika nzima au zaidi. Namba ya hatua huporomoka au kuruka mara moja. Dawa ni kukaza ukanda, na ikishindikana, vaa mkanda wa kifuani. Namba zilizochukuliwa juu ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo usizihesabu kabisa.

Kuna mchezo wa kufunga saa kwenye chupa ya maji, ikisoma 76 watu wanaangua kicheko na kusema feki. Hata saa nzuri inaweza kuingia mtego huo, kwa sababu kazi yake ni kutafuta mabadiliko yoyote ya mwanga yanayofanana na pigo. Jaribio la maana ni ngazi. Hesabu kwa vidole ukiwa umekaa, panda ghorofa tatu bila kupumzika, hesabu tena hapo hapo. Vidole vikisema 125 na saa imeng'ang'ania 78, usitafute mpangilio wa kurekebisha. Hakuna.

Mkanda wa kifuani unaruka 70, 190, 0

Mkanda unasoma umeme wenyewe, ambao kwenye ngozi ya kifua ni kama milivolti moja tu. Ngozi kavu haiupitishi. Ndiyo maana dakika za mwanzo namba inacheza, kisha jasho likitoka inatulia, na mwenye mkanda anaamini umejitengeneza. Lowesha kwa maji zile pedi mbili zinazonasa umeme (ndizo elektrodi) kabla ya kuvaa, au paka jeli ya elektrodi, na uvute mkanda chini kidogo ya kifua uwe umebana. Kwa Dar ya Januari jasho halichelewi. Mkanda ule ule ndani ya chumba cha AC utakusumbua tena kama hukuulowesha.

Ukishaulowesha na bado unaruka, bandua kile kidude cha mbele uangalie vifungo vya chuma. Chumvi ya jasho huacha ukoko mweupe kuzunguka kifungo, na ukikaa miezi, unaona ukijani wa kutu ya shaba. Pitisha mswaki laini wenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, anika kivulini. Kitambaa chenye elektrodi nacho huchoka. Kidude kinaweza kuwa kizima kabisa wakati ukanda umeshakufa, na ukanda peke yake huuzwa.

Betri inayoisha kila baada ya wiki chache kwa kawaida si mbovu. Mkanda uliolowa ukiachwa na kidude chake, kidude kinahisi kimevaliwa na kinaendelea kufanya kazi kabatini usiku kucha. Bandua kila ukimaliza. Unapobadilisha, soma namba: Polar H10, kwa mfano, inatumia CR2025 yenye unene wa milimita 2.5, na vifaa vingi vingine ni CR2032 ya milimita 3.2. Kulazimisha moja mahali pa nyingine kunapindisha chuma cha kushikilia au kunaacha betri ikicheza. Mwambie muuzaji aipime mbele yako, mpya inatakiwa isome volti 3 au zaidi kidogo.

Mchoro umeota meno

Hii ni kwa wenye vifaa vinavyochora ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo: KardiaMobile (kifaa kidogo cha kuwekea vidole), saa zenye ECG, au AD8232, bodi ndogo ya kusoma umeme wa moyo ambayo wanafunzi huiunganisha na kompyuta ndogo ya Arduino kwa miradi ya chuo. Ulitegemea mstari mwembamba wenye kilele kimoja kirefu kwa kila pigo, badala yake unaona mstari mnene wenye meno yanayolingana kama ya msumeno, na kilele kimezama humo.

Huo ni umeme wa nyumba. Umeme wa TANESCO ni volti 230 unaozunguka mara 50 kwa sekunde, na mwili ulio karibu na nyaya unaunasa hata bila kugusa chochote. Chomoa chaja ya simu kwanza. Kisha laptopu, kisha feni ya meza, kisha ile ekstensheni iliyopita chini ya kitanda. Fanya kimoja kimoja huku jicho liko kwenye skrini, usichomoe vyote kwa mpigo, maana hutajua mkosaji. Mara nyingi ni chaja ya laptopu yenye plagi ya pini mbili, au ekstensheni ya pini tatu ambayo ndani yake waya wa ethi haukuwahi kuunganishwa. Ile laptopu ambayo bati lake linakutekenya vidole ikiwa kwenye chaji, hiyo hiyo.

Meno yakibaki baada ya kuzima kila kitu, rudi kwenye ngozi. Elektrodi moja ikishika vizuri na nyingine ikiwa kavu, umeme ulionaswa hautoshani pande mbili, na kifaa hakiwezi kuufuta. Kulowesha vidole kidogo kunasaidia kuliko kununua kifaa kipya. Zile stika zenye jeli zinazouzwa maduka ya vifaa tiba nazo hukauka zikishafunguliwa pakiti, hasa zikikaa kwenye gari lililoegeshwa juani.

Halafu kuna suala la chujio, ile sehemu ya kifaa inayofuta umeme wa nyumba kwenye mchoro. Marekani umeme wao unazunguka mara 60 kwa sekunde. Kifaa alichotuma mjomba kutoka Houston kinaweza kufika kikiwa kimepangwa kuchuja 60, na hapa kinachuja hewa huku 50 yetu inapita. Ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta kipengele cha umeme wa njia kuu, weka 50. Wengi hawajawahi kufungua ukurasa huo.

Na umeme ukikatika, jenereta ikawashwa, meno yanaweza kurudi hata kama chujio liko sawa. Jenereta ndogo ya petroli haishiki 50 kamili. Mzunguko wake unafuata mwendo wa injini, friji ya jirani ikiwaka inashuka, ikizima inapanda, na chujio jembamba la 50 linakosa shabaha. Inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi laini zinaongeza vurugu za mara 150 na 250 kwa sekunde. Usiku wa namna hiyo pima simu ikiwa kwenye betri yake, ukae mbali na nyaya, au subiri umeme urudi.

Soma na umbo la vurugu. Meno yasiyolingana, ya hovyo, ni misuli: umekaza mikono au unatetemeka kwa baridi, kwa hiyo laza viwiko mezani na ulegeze mabega. Mstari unaopanda na kushuka polepole ni pumzi, jasho au elektrodi inayoteleza. Mchoro uliopinduka, vilele vikielekea chini, kwa kawaida umebadilisha mikono: kidole cha kulia kimekaa pa kushoto.

Kwa wanafunzi wa AD8232 nina maneno machache makali. Usijiunganishe elektrodi mwilini wakati laptopu iko kwenye chaji. Tumia betri ya laptopu, hata kama mchoro unaonekana safi ukiwa umechomeka, kwa sababu hitilafu moja ndani ya chaja mbovu inakupa njia ya umeme kupita kifuani. Bodi hiyo inataka volti 3.3, si 5. Rangi za nyaya zinatofautiana kwa watengenezaji, kwa hiyo soma maandishi ya RA (mkono wa kulia), LA (mkono wa kushoto) na RL (mguu wa kulia). Na pini za LO+ na LO- zikisoma 1, elektrodi imebanduka. Usipoteze jioni nzima ukikagua msimbo wa programu.

HRV imepaa, au imeporomoka

HRV ni kipimo cha jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyobadilika. Moyo mzima haupigi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukitoa unapungua, na kubadilika huko ndiko programu zinakokupa alama. Mtu akiona mapigo yake hayalingani hata kidogo akashtuka, mara nyingi ameona pumzi yake tu.

Namba nyingi za asubuhi zinategemea RMSSD, ambayo hupimwa kwa milisekunde na hutazama tofauti kati ya pigo na linalofuata. Udhaifu wake ni kwamba inaharibiwa na kosa dogo sana. Chukua kipimo cha dakika moja chenye mapigo kama 70 na RMSSD ya 30. Kifaa kikiruka pigo moja tu, RMSSD inaweza kufika karibu 150, na programu ikakupongeza kwamba umepumzika vizuri. Kwa hiyo kabla ya kufurahi au kuhuzunika, fungua orodha ya muda wa kila pigo, programu nyingi zinaitoa kama faili, uangalie kwa macho.

Ukiona 850, 860, 1710, 845, kifaa kimeruka pigo: ile 1710 ni mapigo mawili yaliyounganishwa. Ukiona 850, 420, 430, 855, kifaa kimehesabu pigo moja mara mbili, kwa sababu 420 na 430 vikijumlishwa vinatoa 850. Yote mawili ni makosa ya kugusana kwa ngozi au mtikisiko. Lakini ukiona 850, 560, 1140, 850, hapo pigo limekuja mapema kisha moyo ukapumzika, na 560 na 1140 vikijumlishwa vinalingana na mapigo mawili ya kawaida. Hilo linaweza kuwa pigo la ziada la kweli. Watu wengi wenye afya huyapata mara moja moja, zaidi wakiwa wamechoka au wamekunywa kahawa na bia nyingi; yakija kwa mfululizo, au yakiambatana na kizunguzungu, ni ya daktari. Hesabu hizi mbili tatu zinakupa zaidi ya rangi zote za programu.

HRV kubwa si sifa siku zote. Mdundo wa moyo unapovurugika kabisa, kama inavyokuwa kwenye ugonjwa wa vyumba vya juu vya moyo kutetemeka, tofauti kati ya pigo na pigo huwa kubwa mno, na programu isiyochunguza inaweza kuita hali hiyo utulivu.

Imeporomoka? Uliza kwanza ulipimaje. Kipimo cha kulala, cha kukaa na cha kusimama havilinganishwi. Pima asubuhi ukiamka, umetoka haja ndogo, kabla ya chai, mkao ule ule, kifaa kile kile. Kisha uangalie usiku ulivyokuwa. Februari, joto la kaskazi, umeme umekatika na feni imesimama: moyo unafanya kazi ya ziada kupoza mwili, mapigo ya kupumzika yanapanda na HRV inashuka. Ramadhani inabadilisha usingizi, maji na saa za kula kwa wakati mmoja, kwa hiyo linganisha siku za mfungo na siku za mfungo. Mapigo ya kupumzika yakipanda siku mbili tatu, HRV ikiwa chini na mwili umechoka bila sababu, chukua kipimajoto, kisha ukapime malaria. Kwa mji huu hilo linakuja kabla ya kulaumu msongo wa kazi.

Usilinganishe na rafiki. Umri unaishusha, na kampuni nyingine zinabadilisha RMSSD kuwa alama ya hadi 100 kwa fomula zao, hivyo 62 yake na 38 yako zinaweza zisiwe hata kipimo kimoja. Programu ikisema haioni HRV kabisa wakati mapigo yanaonekana, kifaa chako kinatuma wastani wa mapigo tu bila muda wa kila pigo. Saa nyingi za mkononi ziko hivyo zikiunganishwa na programu ya nje. Simu inayopima kwa kamera na tochi nayo, ikiwa inapiga picha 30 kwa sekunde, inaona kila baada ya milisekunde 33: inatosha kwa mapigo, haitoshi kwa RMSSD ya kuaminika.

Bendi ya kichwani inasema umelala

Hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi, kwa sababu mawimbi ya ubongo juu ya ngozi ni mikrovolti 10 hadi 100 tu, chini sana ya ile milivolti moja ya moyo. Kila kitu kingine kichwani kina sauti kubwa kuliko ubongo: macho, taya, paji la uso, jasho.

Dada mmoja wa Sinza aliniletea bendi akiwa amekasirika. "Kaka, hiki kitu kinasema niko usingizi mzito, na mimi hapa naongea na wewe." Kwenye skrini mawimbi ya delta, yale ya mara 0.5 hadi 4 kwa sekunde, yalikuwa juu kabisa. Alikuwa amesuka twende kilioni, mafuta ya nazi yanang'aa mpaka kwenye paji la uso, na chumba kilikuwa na joto. Jasho linapotiririka chini ya elektrodi linasogeza mstari polepole, na mwendo huo wa polepole programu inausoma kuwa delta. Nikamwambia, "Dada, tuanze na mafuta." Tukafuta paji la uso kwa pamba yenye spiriti, tukakausha, tukafuta nyuma ya masikio, tukasogeza ncha za nywele zilizokuwa zimelala juu ya elektrodi ya sikio, tukapaka maji kidogo pale, akakaa chini ya feni. Elektrodi kavu zinahitaji dakika kadhaa kushika. Delta ikashuka yenyewe.

Spiriti ni ya ngozi. Bendi yenyewe ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu. Poda na fondesheni ziondolewe. Mwenye mtandio avae bendi ndani, kitambaa kinasaidia kuibana, bora kisiingie kati ya elektrodi na ngozi. Wenye rasta nene nyuma ya masikio watafute mahali palipo wazi. Elektrodi iliyokaa juu ya nywele haisomi.

Ukitaka kujua kama bendi inasoma kichwa au inasoma hewa, usiangalie alama ya utulivu. Fungua mchoro ghafi, ule usiochujwa, ukapime mambo matatu. Kwanza pepesa macho kwa nguvu mara kadhaa: elektrodi za paji la uso zionyeshe mawimbi makubwa, moja kwa kila mpepeso. Yasipotokea, elektrodi hizo hazijashika. Pili uma meno: mchoro ujae vurugu nene za kasi. Vurugu hizo ni misuli ya taya, na programu inaziweka kwenye beta na gamma, yaani mawimbi ya kasi ya ubongo. Mtu anayetafuna bigijii wakati wa kutafakari atasomwa ana mawazo mengi sana, na aliyekunja uso akijaribu kutulia kwa nguvu naye vivyo hivyo.

Jaribio la tatu ndilo kongwe. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, aliyerekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuyachapisha 1929, aliona kwamba mawimbi ya mara 8 hadi 13 kwa sekunde hukua mtu akifumba macho na kufifia akifumbua. Hayo ndiyo alfa. Fumba macho sekunde 30, fumbua 30, rudia. Kwenye Muse angalia elektrodi za nyuma ya masikio, si za mbele, kwa kuwa alfa ina nguvu zaidi upande wa kisogo. Ikipanda na kushuka na macho yako, bendi inasoma ubongo. Isipoonekana, kagua ngozi tena kabla ya kukata tamaa, ukijua pia kwamba wachache wana alfa ndogo mno kwa maumbile yao na hawana ugonjwa wowote.

Vifaa vya elektrodi moja ya paji la uso na klipu ya sikio, kama MindWave ya NeuroSky, vinaonyesha kupepesa vizuri sana na alfa kwa shida. Ile alama yake ya umakini mimi siitumii kuamua jambo lolote. Macho na paji la uso vina mchango mkubwa mno hapo. Ni vizuri kwa kuchezesha gari la kuchezea, na kwa wanafunzi kujifunza.

Gamma ikiwa juu muda wote, hata ukiwa umetulia tuli na taya zimelegea, rudi kwenye sehemu ya umeme hapo juu: ile 50 ya TANESCO inavujia humo.

Simu haikioni kifaa, au inakata katikati

Kwanza hakikisha kifaa hakijaungana na simu nyingine. Vingi vinakubali simu moja tu kwa wakati, na mume aliyejaribu mkanda jana bado ana programu inayoudaka kutoka chumba cha pili. Kwenye Android hadi toleo la 11, programu haiwezi kutafuta kifaa cha Bluetooth bila ruhusa ya mahali na huduma ya mahali ikiwa imewashwa. Kuanzia toleo la 12 ruhusa inayotakiwa ni ya vifaa vilivyo karibu. Unganisha kupitia programu ya kifaa, si kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu. Kama inakata skrini ikizima, ondoa programu hiyo kwenye orodha ya kiokoa betri. Simu nyingi za bei ya kati zinaua kila kinachofanya kazi nyuma ya pazia.

KardiaMobile ya elektrodi mbili ina mambo yake: haitumii Bluetooth, inatuma ishara kwa sauti ya juu ambayo sikio halisikii, na simu inaipokea kwa maikrofoni. Ruhusu maikrofoni, toa kava linaloiziba, weka kifaa karibu na simu, ondoka palipo na kelele.

Unapumua inavyotaka programu na unapata kizunguzungu

Programu za mapigo na pumzi zinakuongoza kwenye pumzi kama sita kwa dakika, kwa mfano kuvuta sekunde 4 na kutoa sekunde 6, kwa sababu kwa kasi hiyo mapigo hupanda na kushuka kwa wimbi kubwa na laini. Wengi wanapunguza kasi lakini wanajaza kifua kupita kiasi, kaboni dioksidi inashuka, vidole vinachonyota na kichwa kinakuwa chepesi. Punguza kina cha pumzi. Ikiendelea, acha, pumua unavyojua.

Alama isipopanda licha ya pumzi nzuri, angalia klipu ya sikio imekaa kwenye ndewe laini na si kwenye gegedu, na waya wake haujagusa bega. Wengine kasi yao ni pumzi tano na nusu, wengine sita na nusu. Badilisha kidogo kidogo uangalie wimbi gani linakuwa kubwa. Na usiongee wakati wa kipimo. Kujibu tu "karibu" kwa anayebisha hodi kunavunja wimbi lote.

Yanayobaki ni ya daktari

Ukishasafisha ngozi, ukazima chaja, ukalinganisha na vidole, na bado mdundo hauna mpangilio, au mapigo ya kupumzika yako juu ya 100 kwa muda mrefu bila homa wala joto, nenda. Hospitali ya karibu inaweza kuanza, na ikibidi watakuandikia rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, eneo la Muhimbili, Upanga. ECG ya hospitali inatumia elektrodi 10 na kuangalia moyo kutoka pande 12. Kifaa cha vidole viwili kinaona upande mmoja, kwa hiyo kusema "kawaida" hakuondoi mshtuko wa moyo. Bendi ya kichwani nayo haithibitishi kifafa wala haikiondoi.

Peleka mchoro wenyewe, uliohifadhiwa kama PDF, ulioonyesha tatizo. Andika pembeni saa, mkao, ulikuwa unafanya nini, ulihisi nini, na dawa unazotumia, pamoja na za mitishamba. Picha ya skrini yenye alama ya utulivu iache nyumbani, hawana pa kuiweka kwenye faili.